Kurasa za Mwalimu Darsono

Kila siku Wening akitoka shule alimkuta mama yake, Bu Lastri, kwenye kiti kilekile, anachapa. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya chuo pale Yogyakarta, Indonesia, na wanafunzi walileta kazi zao zilizoandikwa kwa mkono zichapwe. Wening anavua viatu, anakula wali wake na tempe ya soya, halafu anangoja mama apumzike ili naye acheze mbio za magari kwenye kompyuta.

Mteja aliyependwa kuliko wote hakuwa mwanafunzi. Ni Mwalimu Darsono, mzee mstaafu, aliyekuwa akiandika kitabu cha habari za kijiji alikozaliwa. Kifua chake kilikuwa kibovu, anakohoa mpaka anashika mlango.

"Fanya haraka, mwanangu," alimwambia Bu Lastri. "Malaika hana subira kama mimi."

"Mwalimu naye! Utakisoma mpaka ukichoke."

Basi, kadi ya picha ya kompyuta, ile inayopeleka picha kwenye kioo, ikaungua. Bu Lastri alikuwa na kazi nyingi, akamtuma Wening dukani kwa Koh Liong, maana mtoto ndiye aliyejua mambo hayo. "Chukua inayotuliza kioo," alimwambia. "Ile ya zamani ilikuwa inaniumiza kichwa."

Koh Liong alimjaribishia kadi mbili kwenye kompyuta ya dukani. "Kioo hiki kinawaka na kuzima muda wote, upesi mno. Kadi hii inakiwasha mara sitini kwa sekunde, basi. Kwa michezo ni moto, kwa kuchapa inachosha. Hii nyingine haina mbwembwe, lakini inafika themanini na tano. Kioo kinatulia tuli. Mchukulie mama hii."

Wening akakikodolea macho kioo kwa kadi ya kwanza, akakikodolea kwa ya pili. Hakuona tofauti. Akamkumbuka binamu yake Yudi, aliyemcheka juzi: "Gari lako lina kigugumizi, dada, au limebeba mchanga?" Akachukua ya michezo. Nyumbani akasema, "Koh Liong kasema hii ndiyo bora."

Siku ya pili tu mama akauliza, "Wening, mbona kioo kinacheza?"

Wening akaja, akakitazama usoni. "Hakichezi, mama. Labda ni macho yako."

Alisema hivyo kirahisi tu. Lakini mama aliamini. Tangu hapo akawa kila siku anachapa kurasa tatu tu, kisha analala na kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Wanafunzi wakahamia kwingine. Mwalimu Darsono akaambiwa angoje.

"Macho yangu yanakufa, Mwalimu. Nisamehe."

"Pole, mwanangu. Nitangoja." Safari hiyo hakutania.

Wiki tatu baadaye akafariki. Kazi yake ilikuwa imefika nusu.

Walipotoka mazikoni mama alikaa kitandani bila kuvua mtandio. "Mzee kaniomba kitu kimoja," alisema, "na macho yangu yakaninyima." Wening hakujua aweke wapi mikono yake. Akaenda kwenye kompyuta, akaweka karatasi za mwalimu kushoto kama mama anavyoziweka, akaanza kuchapa kidole kimoja kimoja, macho kwenye mwandiko.

Hapo ndipo alipokiona. Pembeni mwa jicho lake kioo kilikuwa kinatetemeka kama taa inayotaka kufa. Akageuka kukitazama, kimetulia. Akarudi kwenye karatasi, kinatetemeka tena. Yeye siku zote alikitazama mbele. Mama, kutwa nzima, alikuwa nacho pembeni.

Alirudi chumbani akapiga magoti. "Mama, si macho yako. Nilidanganya." Akaeleza yote.

"Nilikuwa najizoeza kutembea nimefumba macho," alisema mama. "Nikasema nikipofuka, nani atakulea."

Afadhali angemchapa.

Koh Liong aliwabadilishia kadi. "Nilikwambia, we mtoto," alisema tu, akainamia kazi yake. Kioo kikatulia, na kichwa cha mama kikapoa siku chache baadaye. Wakaimalizia ile kazi, Wening akikagua kila ukurasa. Siku ya arobaini ya mwalimu wakakipeleka kitabu kwa mjane wake.

Bibi yule alipitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine. "Kila jioni aliniuliza wamefika wapi," alisema. "Nikamjibu, bado kidogo."

Mama akamtazama Wening. Wening akasema kosa lake mwenyewe.

Bibi akafunga kitabu. "Nimekusikia, mjukuu wangu. Lakini mwenye kusoma hayupo, na kukusamehe kwangu hakumrudishi. Uwongo wako ulikuwa mdogo, nao umekula siku zake za mwisho. Halafu lingine. Mtu akikwambia hapa panauma, usimjibu kwamba wewe huoni kitu. Nenda kwanza ukakae alipokaa yeye."

Akamsogezea sahani ya vitumbua vya arobaini. Wening alichukua kimoja, akakishika mpaka kikapoa.