Fundi Cherehani Apima Nyumba Yake

Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, na kilicho kizuri kuliko vyote kilifungwa kwa ufunguo.

Chumba hicho kilikuwa sebule. Ndani yake kulikuwa na makochi makubwa, bado yamevikwa nailoni za dukani. Kulikuwa na dirisha pana lililoingiza mwanga tangu asubuhi mpaka jioni, na mwanga huo haukumfaidi mtu. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa baba mwenye nyumba. Sebule ni ya wageni, alisema, na wageni hawakaribishwi kwenye vumbi.

Basi wenye nyumba wakaishi kwenye korido.

Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa mwisho wa korido, karibu na mlango wa jikoni, mahali penye giza. Alishona shingo imepinda, macho karibu yaguse sindano. Binti yao wa miaka kumi, ambaye kwa wingi wa maneno yake majirani walimwita Chiriku, aliandika kazi za shule akiwa amelala kifudifudi sakafuni. Kila aliyepita alimruka. Baba alikuwa mpiga rangi wa magari, na alipenda kila kitu kinachong'aa. Yeye alipita hapo kichwa juu, akamkanyaga binti yake vidole karibu kila siku.

Bibi, mama yake baba, alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa chumba chake. Zamani hakuwa mtu wa kukaa. Alikuwa akifagia uani, akikagua nguo zilizoanikwa, akimkosoa kila mtu kwa zamu. Miezi mitatu iliyopita aliteleza bafuni. Hakuvunjika mfupa, lakini tangu siku hiyo alitulia. Akiulizwa, alisema amechoka tu, anapumzika. Watu wakaamini, kwa sababu kuamini ni rahisi.

Msimu wa sare za shule ulipofika, mama alishona mpaka vidole vikaota sugu. Msimu ulipokwisha alikuwa na akiba ya kutosha kazi moja ya maana hapo nyumbani. Kazi hiyo mumewe alikuwa nayo tayari, kwenye simu. Ilikuwa picha ya sebule moja ya kifahari. Dari lake lilikuwa na taa za buluu zilizojificha, na vigae vya sakafuni viling'aa hivi kwamba mtu angeweza kujichania nywele humo. Mama naye, tusimsingizie baba peke yake, aliipenda picha ile. Aliitazama mara nyingi kuliko alivyokiri.

Wakamwita mwashi. Alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole. Watu walimwita Pimamaji, kwa sababu hakutembea bila chombo chake chenye kioo na tone la hewa ndani, kile kinachomwambia mwashi kama kitu kimelala sawa. Aliingia sebuleni, akatazama dari, akatazama dirisha, akatazama nailoni.

"Nani anakaa humu?" aliuliza.

"Wageni," alijibu baba kwa fahari.

"Wa mwisho alikuja lini?"

Baba akakuna kichwa. Chiriku ndiye aliyekumbuka. "Yule mjomba aliyekosea nyumba," alisema. "Alikaa kidogo, halafu akauliza kama hapa ni kwa fundi redio."

Pimamaji hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. Alisema dari anaweza kulipiga, na vigae anaweza kuvitandika, na kazi itapendeza. Kisha akamgeukia mama.

"Jirani, mteja akija kwako na picha ya gauni, unakata kitambaa hapo hapo?"

"Nitakataje? Nampima kwanza."

"Na nyumba yako umeipima?"

 Miaka yote hiyo mama hajawahi kukata hata leso bila futi mkononi, na sasa alikuwa tayari kukata akiba nzima kwa kufuata picha ya nyumba ya watu asiowajua. Aliona haya.

Pimamaji akamweleza namna ya kupima. Kuta si shida, alisema, kuta atazipima yeye. Wao wapime maisha. Wachukue chaki za nguo, kila mtu rangi yake. Kwa siku tatu, kila mahali mtu anapojikwaa, anaposubiri, anapoinama vibaya au anapolalamika, pachorwe alama. Siku ya nne atarudi kuzisoma.

Baba aliona ni mchezo wa watoto, lakini alikubali. Alipewa chaki nyeupe. Mama alichukua nyekundu, Chiriku njano. Ya Bibi ilikuwa buluu, na Chiriku ndiye aliyeagizwa kumchorea.

Kufikia jioni ya siku ya tatu korido ilikuwa haitamaniki. Kwenye cherehani kulikuwa na alama nyekundu juu ya nyekundu. Mlango wa kutokea uani ulikuwa na rangi tatu, kwa sababu chini yake kulikuwa na hatua moja ndefu karibu kufika gotini, na kila aliyebeba ndoo aliisonya. Bafuni, huko uani, ndiyo usiseme. Sakafu ilikuwa laini na daima ina maji. Swichi ya taa ilikuwa ukuta wa mbali, ukaifuate gizani. Sebuleni kulikuwa na alama moja tu, nyeupe. Baba alikuwa ameingia kuangalia taa za buluu zitakaa wapi, akajigonga kwenye kochi.

Pimamaji alitembea na alama hizo polepole. Mwishowe akauliza, "Buluu iko wapi?"

Ilikuwa sehemu mbili tu. Moja kitandani, moja kwenye kiti cha plastiki.

"Mama yangu hana shida yoyote," alisema baba. "Nilijua."

"Shemeji," alisema Pimamaji, "asiye na shida anatembea. Kamuulizeni."

Mama ndiye aliyekwenda. Aliketi sakafuni karibu na kiti, kama alivyozoea. Bibi ndiye aliyemfundisha kushona, mwaka ule alipoolewa, na ndiye aliyempa futi yake ya kwanza. Alimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hatembei tena.  Bibi akasema, macho yake yakitazama ukutani.

"Bafuni siwezi kwenda peke yangu, mwanangu. Naogopa ile hatua, naogopa ile sakafu. Nikinywa maji mchana, itabidi nikusimamishe kazi unipeleke. Kwa hiyo sinywi mpaka umalize kushona."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu nianguke."

Mama alimshika mkono. Miezi mitatu mkwewe alikaa na kiu, hatua nane kutoka kwenye cherehani, na yeye alikuwa anatazama picha ya dari. Lakini Bibi alikuwa hajamaliza. Alisema amekwisha kuzungumza na binti yake. Binti huyo atakuja kumchukua Jumamosi ya baada ya ijayo, akakae kwake moja kwa moja. Huko bafu liko ndani na hakuna hatua. Hapendi kuondoka, alisema, ila hapendi pia kuwa mzigo.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.  Alitoa simu mfukoni, akaifuta ile picha. Kisha akamuuliza Pimamaji wanaanza lini.

Walianza kesho yake. Walikuwa na siku kumi na mbili.

Hata hivyo, mtu hageuki kwa siku moja. Asubuhi hiyo baba alitoa boksi la vigae vinavyong'aa, ambalo alilinunua kimyakimya hata kabla ya kupima. Akasema kwa moyo mweupe kwamba mama yake ndiye anayestahili vigae hivyo, vitandikwe bafuni. Pimamaji hakubishana naye. Aliweka kigae kimoja sakafuni, akakimwagia maji ya sabuni, akamwomba apande kwa mguu mmoja. Baba akapanda. Mguu ukaenda upande wake na yeye akaenda upande wake, na kama mkewe asingemdaka kiunoni angekaa chini. Chiriku alicheka mpaka akakosa mbavu. Bibi, kwenye kiti chake, alicheka pia, na ilikuwa muda mrefu hawajamsikia akicheka.

"Kizuri cha ukutani si lazima kiwe kizuri cha sakafuni," alisema Pimamaji. "Hivi tutavipandisha ukuta wa jikoni. Vitarudisha mwanga, na mafuta yatafutika kwa tambara. Bafuni tunataka sakafu inayoshika mguu."

Akavunja ile sakafu laini, akamwaga saruji mpya. Aliilaza kwa mteremko mdogo ili maji yakimbilie kwenye tundu yasituame. Saruji ikiwa bado mbichi, aliipitishia ufagio mgumu, ikabaki na mikwaruzo midogo. Hatua ndefu ya mlangoni ikavunjwa, pakajengwa mteremko wa taratibu, mpana wa kutosha watu wawili. Swichi ikahamishwa, ikawa kando ya mlango, mahali mkono unapofika kabla ya mguu kuingia. Kwa siku saba walimwagilia saruji maji ili ikomae vizuri. Siku hizo zote waliogea kwa Pimamaji.

Kisha vikaja vishikio, mabomba ya chuma ya kushikilia. Baba aliuliza vinawekwa kimo gani. Pimamaji akamtazama mama, na mama akaelewa. Alivaa futi shingoni, akamsimamisha Bibi katikati ya korido na kumpima kama anayempimia gauni la harusi. Alipima kutoka sakafuni mpaka kwenye nyonga, mpaka kwenye kiwiko kilichokunjwa, na kutoka goti mpaka kisigino kwa ajili ya kiti cha kuogea. Bibi alisimama wima, akaamuru asimpunje. Vipimo hivyo ndivyo vilivyofuatwa.

Pimamaji hakuvifunga vishikio kwenye plasta, kwa sababu plasta hubanduka. Alitoboa mpaka ndani ya tofali. Alisema kishikio kinachong'oka ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa kuwa mtu hukiamini. Basi baba alitakiwa kuning'inia hapo kwa uzito wake wote. Alining'inia, miguu imekunjwa, na kishikio hakikutikisika. Ndipo ujuzi wake nao ukapata kazi. Macho ya mzee hayaoni vizuri kijivu juu ya kijivu, aliambiwa. Akavipiga vishikio rangi ya njano, ile ngumu ya magari, na kingo za mteremko pia. Hakupata kung'arisha kitu kwa furaha kama hiyo.

Vifaa vilikuwa vimekwisha na akiba nayo imeisha. Lakini jambo moja lilikuwa limebaki, na halikuhitaji hata mfuko wa saruji. Baba alitoa ufunguo mfukoni, akafungua sebule na kuuacha mlangoni. Wakachana nailoni. Kochi moja likaenda kwa Pimamaji, sehemu ya malipo yake. Cherehani ikahamia chini ya dirisha pana, meza ya Chiriku ikawa upande wa pili, na kiti cha Bibi kikawa katikati, ambapo angeweza kuwakosoa wote wawili. Siku ya kwanza mama alishona hadi saa kumi na moja jioni, na shingo haikumuuma.

Jumamosi ikafika. Wifi, yule binti wa Bibi, alikuja na gari la kukodi. Mfuko wa nguo za Bibi ulikuwa umekaa tayari kando ya kitanda tangu alipotoa neno lake. Hakuwa ameufungua, na mama hakuthubutu kuuliza. Usiku kucha alikuwa amegeukageuka tu. Siku tatu Bibi alikuwa akijaribu bafu jipya, lakini kila mara akimshika mkono mkwewe.

Wifi alisalimia, akauliza kama mama yake yuko tayari.

"Nioge kwanza," alisema Bibi.

Mama akainuka kwenda kumshika mkono. Bibi akamwashiria akae. Akatoka sebuleni, akapita korido iliyokuwa tupu sasa, akafika kwenye mteremko. Waliisikia swichi ikilia. Kisha wakasikia maji. Baba alitafuna ukucha. Wifi alimtazama kaka yake, akamtazama wifi yake, asielewe kwa nini watu wazima wamekaa roho juu kwa sababu ya mtu kuoga. Muda ulikuwa mrefu. Mama alihesabu moyoni, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Bibi akarudi. Alikuwa ameoga, amejifunga kanga safi, uso unang'aa kwa mafuta. Hakuna aliyekuwa amemshika. Alikunywa bilauri nzima ya maji akiwa amesimama, akaketi, akashusha pumzi.

"Kwako nitakuja, mwanangu," alimwambia binti yake. "Nitakuja kukutembelea kama mgeni, unipikie, nilale siku mbili. Halafu nitarudi kwangu."

Miaka kumi na mmoja Bibi alikuwa ameishi katika nyumba hiyo, na siku zote aliiita "kwa mwanangu". Mama alilisikia neno hilo jipya, akafunika uso kwa kitambaa cha mteja na kulia bila haya. Baba alijifanya anakagua dirisha.

Wifi hakukasirika. Alitaka kuonyeshwa bafu, na Bibi mwenyewe ndiye aliyemtembeza. Alimweleza habari za mteremko, ufagio na tofali kana kwamba alijenga yeye. Wifi aliwaza sana. Bafu lake lilikuwa ndani, ni kweli, lakini lilikuwa na vigae vinavyong'aa, na hata kishikio kimoja hakikuwepo. Aliomba namba ya Pimamaji kabla ya kuomba chai.

Jioni gari liliondoka, kiti cha nyuma kikiwa kitupu. Bibi alisimama uani akipunga mkono mpaka lilipopinda kona. Kisha akageuka, akawaambia wote waingie ndani kwa sababu kuna baridi, akatangulia mbele yao kuupanda mteremko.