Picha ya Pili ya Ini

Kila asubuhi Peris alikamua ng'ombe, akapika chai, kisha akaenda shambani na mumewe, Wabwile. Walilima mahindi nje kidogo ya Kitale. Lakini mwaka 2005 Peris alilima peke yake. Wabwile alikuwa amefanyiwa upasuaji. Madaktari walikata kipande cha utumbo mpana kilichokuwa na saratani.

Baadaye alipigwa picha ya ini kwa altrasaundi. Halikuonekana doa lolote. Hata hivyo, daktari alimwandikia barua aende Eldoret apigwe picha nyingine, ya siti skani.

Wabwile aliikunja barua hiyo akaitia mfukoni. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba amepona kabisa. Akachinja fahali. Watu walikula wakashiba, na Peris aliimba mpaka sauti ikamkauka. Ile barua hakuna aliyeiulizia siku hiyo.

Aliyeiulizia ni Zulekha, jirani yao, mfanyakazi wa chumba cha picha hospitalini. Alikuja alasiri moja, akakaa, akaongea polepole.

"Baba Khisa, damu ikitoka kwa utumbo inapitia ini kwanza," alimwambia Wabwile. "Ndiyo maana saratani ya utumbo huhamia huko mara nyingi. Altrasaundi ni nzuri, lakini doa dogo inaweza kulikosa. Siti skani inaona zaidi. Unadungwa dawa kwa mshipa, hiyo dawa inasaidia doa lionekane. Daktari akibaki na shaka, kuna picha nyingine inaitwa emarai."

Peris aliuliza kama doa likionekana si ndiyo mwisho wa mtu.

"Hapana, Mama Khisa. Madoa yakiwa machache, mara nyingi yanaweza kukatwa. Ini likikatwa hukua tena. Lakini yapatikane mapema."

Wabwile alitikisa kichwa. "Mimi nimesimama mbele ya kanisa nikasema nimepona. Sasa niende Eldoret kutafuta nini? Si watu watasema nilidanganya Mungu?"

Zulekha alimwambia kwamba kupima si kukosa imani. Peris alijua kwamba jirani yake anasema kweli. Alitaka kumwambia mumewe aende. Lakini aliwakumbuka wale wageni wote waliokula fahali, aibu ikamfunga mdomo.

Baada ya miezi kumi macho ya Wabwile yaligeuka manjano na tumbo likavimba. Ndipo walipokwenda Eldoret. Siti skani ilionyesha madoa yametapakaa ini zima. Daktari alisema hakuna pa kukata tena. Akawaambia pia kwamba ndugu za Wabwile wapimwe utumbo, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kufuata ukoo. Wabwile aliishi miezi minne tu.

Dada ya Wabwile, Edinah, alikuwa ameolewa Bungoma. Alipimwa, akakutwa na saratani ya utumbo kama kaka yake. Akafanyiwa upasuaji. Altrasaundi ikaonyesha ini ni safi, na jamaa wakaitana kwa maombi ya shukrani. Sukari na mchele vilikuwa vimeshanunuliwa.

Peris alifika Bungoma siku ya maombi hayo. Wageni walikuwa wamejaa uani. Alisimama katikati yao.

"Kuleni," alisema. "Lakini mtu asiseme hapa kwamba Edinah amepona. Kesho mimi na yeye tunaenda siti skani. Mume wangu alipigiwa vigelegele, na ugonjwa ulikuwa ndani."

Mzee mmoja alinung'unika kwamba mjane huyu ameleta mkosi. Peris alimsikia, akamwacha.

Siti skani ilionyesha doa moja, dogo kama punje ya maharagwe. Madaktari walilikata. Tangu hapo Edinah alirudi kupimwa kila alipoambiwa, hakukosa hata mara moja.

Mwaka 2009 Peris alimkuta shambani akipalilia, mwenye afya, amenenepa.

"Mama Khisa, ni wewe uliniokoa," Edinah alisema.

Peris alifurahi, tena sana. Lakini furaha hiyo ilikuwa na uchungu ambao hakuweza kuumeza.

"Hayo maneno nilikuwa nayo hata wakati wa kaka yako," alisema. "Nilinyamaza."

Edinah alimpa jembe, wakapalilia pamoja mpaka mwisho wa mstari.