Kulabu Zilizovaa Makoti

Kila asubuhi, kabla ya kazi, Kifaru, fundi wa kupaka mabomba rangi, humfukuza paka tanurini. Kisha yeye na mkewe husafisha mabomba ya chuma, kutu na mafuta viishe. Huyatundika kwenye kulabu. Mke huyapulizia poda ya rangi kwa bunduki ya umeme. Kifaru huyaoka tanurini, poda iyeyuke na kuwa ngozi ngumu ya kuzuia kutu.

Siku hiyo poda iligoma. Iligusa bomba, ikaanguka kama unga. Paka alitoka nje akiwa bluu kuanzia masikio mpaka mkia, na mbwa wa mtaa wakampisha njia.

"Ongeza poda," alisema Kifaru.

"Nimeongeza mpaka nimejipaka mimi. Mabomba ya zahanati yanafuatwa kesho. Ya kwanza yalirudishwa, yana mabaka. Na haya yakirudi, kazi wanampa mwingine."

"Bunduki ni mbovu."

"Mwite dada yangu."

Kifaru hakupenda. Shemeji yake alikuwa fundi umeme, na ulimi wake ulipiga shoti kuliko nyaya. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akamwita.

Shemeji alizima mashine kwanza. Bunduki hakuigusa. Alitazama kulabu. Zilikuwa zimenona kwa rangi: bluu juu ya nyekundu, nyekundu juu ya kijani.

"Shemeji, kulabu zako zinasikia baridi? Mbona umezivika makoti?"

"Naziacha na rangi makusudi, nazo zisipate kutu."

"Una huruma wewe. Sikiliza. Bunduki inaitia poda umeme. Poda inalifuata bomba kwa sababu bomba limeunganishwa na ardhi, kupitia kulabu na ule waya unaoingia ardhini. Rangi haipitishi umeme. Umefunga mlango, halafu unamkaribisha mgeni."

"Mbona poda ilimshika paka?"

"Paka miguu yake iko chini. Usicheke, ni hatari. Bomba lisipounganishwa na ardhi hutoa cheche, na poda iliyo hewani huwaka."

Walikwangua kulabu mpaka chuma kikang'aa. Shemeji akapima kwa mita, njia ya umeme ikawa wazi. Mke akapuliza. Poda ikalikumbatia bomba, hata mgongoni.

Kesho yake mtu wa zahanati aliyakagua mabomba yote, akatafuta baka, akakosa. Akayapakia.

Siku hizi Kifaru hukwangua kulabu kwanza, ndipo amfukuze paka. Bluu ya paka ilitoka kwa kitambaa kikavu tu. Yeye hakuokwa.