Diski Mbili za Mzee Toktosun

Gari la Mzee Toktosun lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo, magurudumu ya mbele yamelazwa majanini. Diski mbili mpya za breki zilikuwa zimetoweka.

"Wamenimaliza, Afande!" mzee alimlalamikia Inspekta Burul Osmonova. "Nimekwenda kwa kinyozi tu, narudi hakuna kitu! Na kesho nivuke mlima wa Dolon, nikamchukue binti yangu na kichanga chake. Mjukuu wa kwanza!"

Inspekta alichuchumaa. Betri ipo. Redio ipo. Vibano vya breki vilikuwa vimefungwa vizuri kwa waya, visije vikavuta mipira ya mafuta.

"Mwizi gani ana huruma hivi?"

"Mwizi ni mwizi, Afande."

"Nani hapa anajua kufungua breki?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

Mzee alikohoa. "Ayimkan, mke wangu. Alikuwa fundi wa matrekta shamba la ushirika. Lakini leo yuko na mikate yake."

Inspekta aliingia jikoni, mzee nyuma yake. Ayimkan alikuwa na unga hadi viwikoni. Inspekta alimtazama kucha. Zilikuwa nyeusi kwa vumbi la breki.

"Mama, diski ziko wapi?"

"Diski gani?"

"Unga haufichi kucha, mama."

Ayimkan alijifuta mikono. Kisha akazitoa chini ya rundo la magodoro.

"Nimeiba mimi. Andika."

"Kwa nini?"

"Gari letu linataka unene wa milimita ishirini na tano. Hizi ni ishirini na mbili, nimezipima. Ni za gari jingine. Pedi za breki zikilika, breki itamwishia mteremkoni."

"Muuzaji alisema zinaingia!" mzee alifoka.

"Hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu chako. Nitakimbia nacho?"

"Si ungeniambia?"

"Mara tatu! Ukasema, 'Kakande unga.'" Alimsukumia diski. "Hasira zako nimezizoea miaka arobaini na moja. Nyumba bila wewe sitaizoea."

Mzee alikaa kitako sakafuni. Alizigeuzageuza diski mikononi.

"Afande, nafuta malalamiko," alisema hatimaye. "Ayimkan, vaa shali twende sokoni. Utachagua wewe. Mimi nitabeba."

"Kwa gari lipi?"

Inspekta aliwafungulia mlango wa nyuma wa gari la polisi, ule wa watuhumiwa.

"Ingieni wote wawili."