Bundi wa Kigingi cha Kumi na Nne

Jumamosi ile ya Januari, kibanda cha kutazamia ndege pale hifadhi ya Thornmere kilijaa mpaka mlangoni. Watu kumi na wanane walibanana kwenye mabenchi, darubini zimetoka madirishani, kila mmoja kavaa rangi ya tope, hakuna anayethubutu hata kukohoa. Ndipo mlango ukalia kwiii, akaingia Rowena Pask na koti la njano kali.

Basi! Bata wote waliokuwa karibu na matete wakaruka.

Wazee wakamgeukia kwa macho ya kumla nyama. Rowena, muuguzi wa hospitali ya mjini, hajawahi kukanyaga hifadhini, alitamani ardhi immeze. Aliyecheka ni mmoja tu, Alwyn Tranter, fundi bomba wa miaka arobaini na moja, mwenye sweta lililotoboka kiwikoni.

"Sogea hapa," alimnong'oneza. "Umevaa hivyo wakuone kutoka mwezini?"

"Nimevaa nisipotee. Kwani ndege wenyewe wanavaaje?"

"Wenye adabu wanavaa kahawia."

"Basi mimi sina adabu. Una chai?"

Alikuwa nayo. Wakanywa kwa zamu kwenye kifuniko cha chupa, mvuke ukiwapanda usoni, na siku hiyo Alwyn hakuhesabu bata hata mmoja.

Kuanzia hapo simu hazikukatika.

"Umeamka, Njano?"

"Nimelala, Tope. Nje kuna barafu."

"Kuna bata-maji mia mbili juu ya hiyo barafu, na mmoja anafanana na wewe."

"Mzuri?"

"Mkorofi. Anawafukuza wenzake wote."

"Nakuja nimwone huyo dada yangu. Niwekee chai, mpenzi."

Lakini kulikuwa na jambo, na Rowena hakulificha. Hospitali moja ya Nyuzilandi, kwenye mji anakoishi dada yake, ilikuwa imempa kazi. Jibu lilitakiwa Jumatatu ya mwisho ya Februari.

"Niambie nibaki," alimwambia Alwyn waziwazi, wamekaa juu ya ukuta wa hifadhi wakila mikate ya jibini. "Neno moja tu, nami nabaki."

"Ngoja Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

"Wee ngoja."

Jumapili ilikuwa siku ya kuhesabu ndege, na yule bwana alitaka kumchumbia kibandani mbele ya wenzake wote. Mjinga! Mwanamke kakuomba neno moja, wewe unampangia sherehe. Ndivyo walivyo watu wetu hawa, wanaweza kukaa saa tano kwenye baridi wakimngoja ndege, lakini neno la moyoni linawakwama kooni.

Badala ya neno, alimpa siri. Alimpeleka nyuma ya bwawa, akamwonyesha bundi wanne wenye masikio marefu, wamelala mchana ndani ya kichaka cha miiba. Kwetu Thornmere bundi waliolala hawatangazwi, hata mama yako mzazi humwambii. Wakishtuliwa mara kwa mara kwenye baridi ile, nguvu zinawaishia wanakufa.

"Nani mwingine anajua?" Rowena aliuliza, midomo inamtetemeka kwa baridi na furaha.

"Bi. Haddon, mlinzi wa hifadhi. Na mimi. Na sasa wewe."

Alhamisi kabla ya ile Jumapili, watu thelathini wenye kamera walikanyaga majani yote kuzunguka kile kichaka. Bundi watatu walitoweka. Wa nne Bi. Haddon alimwokota chini ya uzio, amekauka. Alwyn alimpigia Rowena wodini.

"Umemwambia nani?"

"Salamu kwanza, mpenzi. Nimemwambia nani nini?"

"Bundi, Rowena! Mmoja amekufa. Tuliojua ni watatu, na Bi. Haddon ana miaka ishirini hapa!"

"Kwa hiyo ni mimi."

"Mdomo wako hauna breki. Nilikosea kukuonyesha."

"Alwyn, sijamwambia mtu. Nisikilize..."

Akamkatia simu. Rowena alimaliza zamu yake bila kulia. Ijumaa asubuhi alitia saini ile kazi.

Jumamosi Bi. Haddon alimwita Alwyn ofisini, akamwekea simu mezani. Kwenye kioo palikuwa na picha ya bundi aliyoipiga Alwyn mwenyewe, akaituma kwenye kundi la watazama ndege kujisifu, na chini yake kaandika: "Sisemi wapi." Pembeni mwa picha, kwa mbali, kilionekana kigingi cha njia chenye namba kumi na nne. Wale watu wanamtambua ndege kwa unyoya mmoja, kigingi chenye namba kingewashindaje?

"Ni wewe, mwanangu," alisema Bi. Haddon taratibu.

Alwyn alikimbia mpaka kwa Rowena, viatu vimejaa tope. Alimkuta katikati ya maboksi. Akapiga magoti palepale, akaeleza yote, akatoa pete.

"Ningekuuliza kesho," alisema. "Ungejibuje?"

"Ndiyo."

"Na leo?"

Rowena alimfuta machozi kwa mkono wake mwenyewe. "Nimekusamehe, Alwyn. Nakupenda mpaka naumwa. Na ile saini naweza kuifuta hata sasa hivi, sio hiyo inayoniondoa. Walipopotea bundi hukujiuliza hata dakika moja. Ulinitazama mimi. Siwezi kuishi kwenye nyumba ambayo kila kitu kikipotea nitatazamwa mimi."

"Sitarudia."

"Najua utajitahidi. Nami nitakuwa nakuchunguza macho kila siku. Hayo sio maisha."

Aliondoka wiki mbili baadaye. Mwezi wa nne Alwyn alipiga simu.

"Nikija huko?"



"Usije," Rowena akasema, sauti inamkatika. "Ukija nitakupokea, halafu tutaumizana mpaka tuchukiane. Tafadhali, mpenzi."

Hakwenda. Mpaka leo sijui kama alimtii au aliogopa, na ukimwuliza mwenyewe, naye hajui.