Sukhbati Alivyokubali Kuhesabu Wajukuu

Asubuhi ile Sukhbati alikuwa anakula wali wa jana uliolala kwenye maji, na kitunguu kibichi pembeni. Mwanawe Bisahu akaingia amenuna.

"Basi haliji, mama. Ofisi ya mabasi inasema hapa kijijini Amlidih tuko wachache mno."

"Wachache?" Sukhbati nusura apaliwe. "Uwanja huu kuku hana hata pa kukanyaga kwa watoto wa kaka zako! Hao wana macho kweli?"

Mdomo ulikuwa mkali, ila moyoni aliogopa. Mkwewe Ketki, mke wa Bisahu, alikuwa na mimba ya kwanza. Juzi tu alitokwa damu. Wanaume wakambeba mabegani kwenye kitanda cha kamba, matope magotini, mpaka barabara kuu. Hospitali damu ikakatika, lakini nesi hakuficha: siku ya kujifungua mkichelewa hivi, mtampoteza.

Dhaneshwari, jirani anayefanya kazi ya afya kijijini, alikuwa amekaa anampima Ketki presha. Akacheka.

"Dada Sukhbati, aliyetupunguza ni wewe."

"Mimi? Una wazimu?"

"Mwaka jana karani wa kuhesabu watu alipokuja, ulimwambia una wajukuu wangapi?"

Sukhbati akatazama pembeni. "Wawili."

"Na wako wangapi?"

"Wapo tu! Usinihesabie watoto, wewe. Jicho baya likiwapata je?"

"Watatu uliwaficha zizini, kwa nyati wenu wa maziwa. Mmoja akapiga chafya, ukasema ni ndama!"

Hata Bisahu na kununa kwake akacheka.

"Tena ilikuwa sikukuu ya Tija," Dhaneshwari akaendelea. "Wake vijana wote walikwenda kwa mama zao kufunga saumu. Wewe ukasema Ketki hayupo. Kwao nako wakasema huyo keshaolewa, si wa huku. Kwa hiyo Ketki hakuandikwa popote. Na nyumba nyingi zilifanya hivyo hivyo. Dada, mabasi, barabara, dawa, vyote vinapangwa kwa idadi ya watu. Asiyehesabiwa hapangiwi kitu. Anayeishi hapa anatajwa hapa, hata kama siku hiyo kasafiri."

"Na jicho baya?"

"Ketki alipobebwa kama gunia kwenye matope, hilo lilikuwa jicho zuri?"

Sukhbati akamtazama Ketki, kisha akasukuma bakuli.

"Bisahu, nenda kwa mkuu wa kijiji. Aombe tuhesabiwe upya."

Karani alirudi. Wanawake wakasimama milangoni, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Sukhbati akachukua wanja. Akampaka kila mjukuu doa jeusi shavuni, kinga ya jicho baya. Halafu akawatoa wote nje.

"Andika, baba. Wajukuu watano. Na huyu mkwe wangu Ketki, ni wa nyumba hii."

"Eh! Sukhbati kaanza!" mtu akapiga kelele.

Basi tena! Wanja uliisha kijiji kizima. Watoto wakatoka ghalani, wakatoka uvunguni, wote na madoa mashavuni. Karani akafuta jasho.

"Hawa mwaka jana walikuwa wapi?"

"Walikuwa ndama," akasema Bisahu.

Safari hii idadi ilitosha. Mvua zilipokwisha, njia ikamwagiwa kokoto, na basi likaanza kuingia mpaka kisimani, katikati ya kijiji. Mimba ya Ketki ilipokaribia kutimia, hakuna aliyegusa kitanda cha kamba. Alipanda basi mchana kweupe, mama mkwe kamshika mkono, wakawahi hospitali mapema.

Siku ya kurudi, konda akapita akidai nauli.

"Mama, mko wangapi?"

Sukhbati, Ketki pembeni yake, akafunua khanga kidogo. Ndani alilala mtoto wa kike, na doa la wanja shavuni.

"Watatu!" akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa dereva. "Hesabu vizuri, baba. Watatu!"