Asilimia za Mkuu wa Maabara

Saa nne kasorobo asubuhi, mfanya usafi alifungua chumba cha seva cha hospitali akakuta damu imetambaa hadi kizingitini. Kipara, mtaalamu wa kompyuta, alikuwa amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Kando yake palikuwa na spana nzito.

Spana ilikuwa ya fundi umeme. Jana yake walitupiana maneno kwa sababu ya umeme kukatwa bila taarifa.

"Tuligombana, sikatai," fundi alimwambia mpelelezi, mama wa makamo asiyepandisha sauti. "Ila ndio niue mtu? Spana niliisahau humo. Tangu saa mbili nilikuwa juu ya paa la wodi ya watoto. Waulize wauguzi."

Wauguzi walithibitisha.

Mpelelezi akaingia kwa mkuu wa maabara. Mdogo wake wa kike ndiye aliyekuwa mke wa Kipara, na mkuu mwenyewe alikuwa na macho mekundu.

"Shemeji alikuwa anahakiki majibu yote ya damu ya mwaka jana," alisema. "Aliianzisha programu saa tatu. Mimi sikutoka humu. Nilikuwa naifuatilia kwenye ukurasa huu, na unafunguka kwenye kompyuta hii tu. Nimeona ikipanda: asilimia kumi, ishirini, arobaini... Ilipofika sitini nikasikia mayowe."

Maelezo yalinyooka. Mpelelezi akaenda kumpa pole mjane, aliyekuwa kwenye benchi nje ya chumba cha maiti.

"Mwanangu, jana alikuwaje?"

"Hakula, mama. Alisema ukurasa wake unamtia aibu. Seva inazikalia taarifa zote, inakuja kuzimwaga kwa mkupuo kazi ikiisha. Mtu anakodolea sifuri weee, halafu ghafla mia. Nikamwambia, si uurekebishe kwanza? Akasema kazi yenyewe haingoji."

"Kwa nini haingoji?"

"Alisema nimuulize kaka."

Alasiri mpelelezi aliwakusanya mjane na mkuu ofisini kwa mkuu. Mtaalamu mwingine wa kompyuta, aliyefanya kazi na marehemu, akaianzisha programu upya, bila kugusa chochote. Ukurasa ukaonyesha sifuri. Wakangoja. Sifuri. Feni ilizunguka, mjane akakunja kanga yake na kuikunjua, na jasho likaanza kumtiririka mkuu shingoni. Bado sifuri. Kisha, kufumba na kufumbua, mia.

"Hiyo arobaini," mpelelezi aliuliza taratibu, "uliiona wapi?"

Mkuu aligeukia kioo cha kompyuta.

Kwenye kioo yalikuwa yamejipanga majina ya wagonjwa waliopewa majibu katika siku ambazo mashine ya kupimia ilikuwa mbovu. Hakuna damu iliyopimwa. Majibu yalibuniwa, na wengine waliongezwa damu isiyowafaa wakafa.

"Niliogopa kusema mashine imekufa mikononi mwangu," mkuu alisema. "Yeye akagundua. Akanipa siku moja nijipeleke mwenyewe, kwa sababu ya undugu. Leo nikapita mlango wa nyuma kwenda kumsihi. Akaniambia, 'Shemeji, imeshaanza.' Spana ilikuwa pale mezani. Nilidhani yeye akinyamaza, na kazi itanyamaza."

Mpelelezi alitoa pingu. Mjane akamzuia kwa mkono.

"Kaka, alikufa palepale?"

Mkuu alimnyooshea mpelelezi mikono afungwe.

"Kaka."

"Hapana. Alisema niite daktari."

"Madaktari wako ng'ambo ya korido. Ukafanya nini?"

"Nikafunga mlango," alisema.